Jogoo Tumemnyamazisha

4 Machi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua hii inakuja pamoja na kifurushi. Najua utanicheka kwamba naandika barua wakati simu ninayo mfukoni, lakini kumbuka nyumba tuliyolelewa. Marehemu Baba alibeba mifuko ya posta maisha yake yote, na kwake neno lisiloandikwa lilikuwa bado halijasemwa. Halafu Mama kwenye simu hasikii kitu, anasema watu wananong'ona. Haya nataka umsomee polepole, ukiwa umekaa.

Ndani ya kifurushi kuna kitufe chenye kamba ya kuvaa shingoni. Ndiyo kazi ninayoifanya huku, mimi na wenzangu wachache. Mzee anayeishi peke yake akianguka au akizidiwa, anakibonyeza. Taarifa inafika kwenye mtambo wetu, na mtambo unaita simu ya ndugu wa karibu. Kwa Mama ndugu huyo ni wewe. Usiposhika simu, wanaitwa wahudumu wa zamu. Bado tuko kwenye majaribio, na nyumba ni chache. Hii ya Mama niliipenyeza kimyakimya, kwa hiyo yasivuke mlango wako.

Sasa, Mama atakataa kukivaa, unamjua. Mwambie hivi: akibonyeza, mimi mwenyewe nasikia hukuhuku niliko. Kuna taa ndogo ya kijani. Ikiwaka maana yake mtambo umepokea, lakini wewe mwambie ni mimi naitikia. Ni uongo mdogo wenye faida, na hautamdhuru mtu.

Ombi la pili ni kwako. Kazi yetu inakwenda kwa mizunguko ya wiki mbili mbili. Kila mzunguko bosi wa bidhaa anakuja na masharti mapya ya ubora. Leo anataka kitufe kiwe chepesi kuitika, kesho anataka chaji idumu, keshokutwa anataka kisipige kelele ovyo. Ukivuta uzi huu, mshono wa kule unafumuka, na ofisi nzima hakuna anayefuatilia unafumuka wapi. Nimejitolea kufuatilia mimi. Nafasi ya kiongozi wa timu iko wazi, na mwenye kuleta taarifa nzuri ndiye ataikalia. Kwa hiyo kila tukibadilisha kitu nitakuandikia, nawe uniandikie kimemfanyia nini Mama. Usinipambie maneno.

Mzunguko huu ukiisha nakuja kuwaona.

Mdogo wako


13 Machi

Profesa,

Marahaba. Kifurushi chako kimefika. Mtu wa miaka yako, mwenye miguu miwili na nauli, anamtumia mama yake kengele kwa posta. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka, lakini wahenga hawakuwa na mtambo.

Mama alikishika kile kitufe kwa ncha za vidole. Akaniuliza kama umemtumia hiyo kengele ili asipotee akienda malishoni. Nikamwambia ule uongo wako. Ungemwona. Aliniomba nimfungie kamba kisogoni, kisha akanituma nje nikaangalie kama nguo zimekauka. Nguo zilikuwa hazijafuliwa. Nikasimama ukumbini, simu yangu ikaita. Niliporudi alikuwa ameshika kitufe kwa mikono miwili, uso wote umefunguka.

"Ameitika," alisema.

Nilimuuliza amekuita kwa lipi. Akanijibu kwamba hayo ni yake na mwanawe. Basi hayo sitakuandikia, maana hayanihusu. Yanayonihusu nayajua: kumwogesha, kumpikia ya jioni kabla sijaenda kwangu kupika tena, kumkata kucha. Nimekumbuka tu ule ukuta. Unakumbuka alivyokuwa akiugonga kila akiamka, nawe unamgongea ukiwa kitandani, ndipo siku inaanza? Mimi nililala chumba kilekile, Profesa. Siku moja ulikuwa na homa, umelala fofofo, akagonga. Nikagonga mimi. Alijua si wewe. Alikuja mbio na kanga begani, akapita kitandani kwangu bila hata kuniangalia, akakushika paji la uso.

Umesema nisipambe. Taarifa ni hii: kitufe kinafanya kazi, taa inawaka, Mama anafurahi.

Dada yako


2 Aprili

Dada,

Shikamoo. Taarifa yako niliisoma kwenye kikao chetu cha asubuhi, kile tunachosimama wote ili kisirefuke. Ya ukutani niliiruka, maana ni ya nyumbani. Bosi alipenda lile neno "Mama anafurahi". Ameliandika ubaoni.

Tumebadilisha jambo moja. Sharti jipya ni kwamba chaji idumu mara mbili ya sasa, maana wazee wanasahau kuchaji. Tulipima, tukaona kinachokula chaji ni ile taa. Tumeizima. Badiliko lenyewe linapita hewani, hakuna cha kufungua wala kufunga. Kitufe kinafanya kazi kama zamani, ila sasa hakionyeshi kwamba kinafanya kazi.

Angalia kama Mama ataona tofauti. Mimi sidhani.

Nilisema nakuja, lakini mzunguko umeingia ndani ya mzunguko. Huu ukiisha, nakuja.

Mdogo wako


14 Aprili

Profesa,

Marahaba. Ameona tofauti.

Siku ya kwanza alibonyeza, akakitikisa, akakipuliza, akakifuta kwa upindo wa kanga. Siku ya pili alinituma nikamletee betri za redio. Baada ya hapo alianza kubonyeza mchana kutwa. Anabonyeza akipika, anabonyeza akitoka msalani, anabonyeza kisha anakaa anakitazama. Na kila akibonyeza, simu yangu inaita.

Unajua kazi yangu ni ipi, au nayo umeisahau? Nashona sare za shule kwenye karakana yenye cherehani ishirini na msimamizi mmoja ambaye hakuzaliwa, aliletwa kwa lori pamoja na cherehani. Simu ikiita nadhani Mama ameanguka. Naacha suruali sindanoni, nakimbia. Nafika natweta, namkuta kwenye kiti ananiuliza mbona nimerudi mapema. Wiki iliyopita nilikimbia hivyo mpaka msimamizi akasema mbele ya wenzangu kwamba nikitoka tena nisirudi. Walicheka, hata yule ninayegawana naye chai.

Nilipomgombeza Mama kwamba ananiponza, aliniambia nikuandikie maneno haya, nami naandika kama alivyosema: "Mwambie taa yake imezima. Mwambie sijui kama nimemkosea nini. Kama ana kazi nyingi aniambie tu, nitasubiri."

Hayo ni ya Mama. Ya kwangu ni haya: hicho kidude kipunguze kelele. Sijali utafanya nini. Mimi nina watoto wanaokula kila siku, na kwenye karakana ile hakuna mzunguko wa wiki mbili, ukifukuzwa umefukuzwa. Nataka simu yangu iwe kimya.

Dada yako


25 Aprili

Dada,

Shikamoo, na pole sana na msimamizi. Barua yako imekuja wakati wake. Nyumba nyingi zinalalamika vilevile, na wahudumu wa zamu wamechoka kukimbilia wazee waliokaa wanakunywa uji. Kwa hiyo sharti kuu sasa si wepesi tena, ni utulivu. Simu isiite mpaka iwe kweli.

Tulichofanya ni rahisi. Kubonyeza mara moja hakutoshi tena. Anayeita anabonyeza, kisha anabonyeza tena upesi kuthibitisha. Mwenye shida ya kweli atarudia tu, nani aliyeanguka akabonyeza mara moja akatulia? Mfundishe Mama.

Nikuchekeshe kidogo. Majina ya wateja tumeyaficha, hata sisi wenyewe tunaona namba tu, maana faragha nayo ni sharti. Sasa kuna namba moja tumeipa jina la Jogoo. Kila alfajiri ilikuwa inabonyeza mara moja, tiki, basi. Hakuna ugonjwa, hakuna anguko. Mchoro wake ukutani ulikuwa umenyooka, na kijana wa takwimu kila akiingia asubuhi anauliza, "Jogoo ameshawika?" Ofisi nzima inacheka. Sasa hivi Jogoo ameharibika kabisa, anawika mpaka mchana. Kengele za uongo nusu nzima zinatoka kwake peke yake. Bosi amesema atakayemnyamazisha Jogoo atakula naye chakula cha mchana. Mimi nina mpango.

Kuhusu taa, mwambie Mama niko kwenye vikao. Atanielewa, siku zote amenielewa.

Mzunguko huu ukiisha nakuja, safari hii nimeshaomba ruhusa kwa mdomo.

Mdogo wako


6 Mei

Profesa,

Marahaba.

Nilimwambia Mama uko vikaoni. Alisema, "Basi nisimsumbue," akaweka mikono mapajani. Baada ya muda mfupi alikibonyeza tena, akidhani siangalii.

Hilo la kubonyeza mara mbili nimemfundisha. Vidole vyake vile unavijua, au vilikuwa bado vimenyooka ulipoondoka? Anabonyeza, anakishusha, anakitafuta tena kwenye mikunjo ya nguo, na wakati huo mtambo wako umeshaenda zake. Amejaribu mbele yangu mara kadhaa, mara moja tu ndiyo iliwahi. Akaniuliza kwa nini siku hizi ni lazima mtu akuite mara mbili. Nikamwambia umekuwa mkubwa.

Upande wangu mambo ni mazuri. Simu iko kimya. Nimeshona wiki nzima bila kuinuka, na msimamizi amenipa kazi ya kola, ambayo hapewi mtu wa kukimbiakimbia. Nakushukuru kwa hilo.

Jogoo wako amenichekesha sana. Nimemsomea Mama kile kipande, naye amecheka. Amesema, "Maskini, huyo naye labda ana mtu wake."

Mnyamazishe tu.

Dada yako


19 Mei

Dada,

Shikamoo. Habari njema.

Jogoo tumemnyamazisha. Wazo lilikuwa langu na ni jepesi: anayeita mara nyingi bila sababu anashushwa chini ya foleni. Mtambo unajifunza wenyewe. Ukiita ovyo leo, kesho unasikilizwa kidogo, keshokutwa husikilizwi. Ni kama ninyi na mtoto wa jirani anayelialia, mwisho hamgeuki. Tuliwasha badiliko hilo Jumatatu, na ubao mzima ukawa mweupe. Kijana wa takwimu aliuliza kama Jogoo ameshawika, tukamwambia amechinjwa, tukacheka mpaka bosi akatoka chumbani kwake.

Kile chakula cha mchana nimekula. Na ile nafasi nimepewa, Dada. Barua rasmi inatoka mwezi ujao. Mwambie Mama mwanawe ni kiongozi wa timu.

Niandikie athari ya badiliko hili kwenu, nifunge taarifa. Nadhani kwenu halitabadilisha kitu.

Nakuja mzunguko huu ukiisha.

Mdogo wako


27 Mei

Kiongozi wa timu,

Jogoo wako ameanguka.

Dada yako


3 Juni

Dada,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama na bado sijakaa. Nimekupigia hushiki. Shemeji ndiye aliyeshika, akaniambia Mama ameteleza jikoni, nyonga imevunjika, na umemhamishia kwako. Alisema umemkataza asiseme zaidi.

Dada, mimi sikujua. Naapa. Sisi tunaona namba. Nilipopata barua yako nilikwenda nikalinganisha ile namba na kifurushi nilichokutumia, nikakuta ni ileile. Nimeona alivyobonyeza siku ile. Sitaki kukuandikia ni mara ngapi. Yote mtambo uliyapokea, Dada, haukukosea hata moja. Uliyapanga mahali nilipouagiza uyapange.

Lakini na wewe ulijua lini? Ulimsomea Mama habari za Jogoo, ukacheka, ukaniambia mnyamazishe. Barua yako ninayo.

Sasa nakuomba tufikirie kama watu wazima. Bosi akijua niliingiza mama yangu kwenye majaribio, na kwamba aliyeanguka ni yeye, kazi sina. Kwa hiyo nimeiondoa nyumba ile. Kwenye taarifa tumeandika kwamba mteja amehama, na kweli amehama, si yuko kwako? Kitufe nimekikata kwenye mtambo. Ukiulizwa na mtu yeyote, sema hamkuwahi kuwa nacho.

Gharama zote za matibabu ni juu yangu. Mwambie Mama nakuja.

Mdogo wako


12 Juni

Mdogo wangu,

Umeuliza nilijua lini. Nilijua palepale uliposema alfajiri. Simu iliyokuwa ikiniamsha kila asubuhi ni ya nani? Ila nilidhani na wewe umejua. Nilidhani huo ndio utani wenyewe, kwamba umemwona mama yako ukutani, umempa jina, na unanikonyeza mimi dada yako kwa mbali. Nikasema kumbe na huyu amemchoka, si mimi peke yangu. Nilikupenda kidogo siku ile.

Na ndiyo, nilitaka kimya. Nilikipata. Nilishona kola kutwa nzima siku aliyoanguka, na zilitoka nzuri.

Nilimkuta jioni. Alianguka asubuhi akiteka maji kwenye pipa la jikoni, na maji yalimwagika yote, kwa hiyo alilala ndani ya maji mchana kutwa. Kitufe kilikuwa kiganjani. Kidole gumba kilikuwa kimevimba na kucha imeinuka. Nilipojaribu kukitoa kitufe mkononi alinikatalia. Alikuwa amepoa, meno yanagongana, na neno la kwanza aliloniambia halikuwa kwamba anaumwa.

"Usimgombeze," alisema. "Atakuwa yuko kikaoni."

Daktari anasema mfupa wa umri huo hauungi. Analala chali, namgeuza kila mara ili mgongo usichubuke, na karakana nimeiacha. Msimamizi hakunifukuza, niliondoka mwenyewe, nikamwachia suruali sindanoni. Namlisha kwa kijiko. Akimaliza ananishukuru kwa jina lako, kisha anajisahihisha.

Hizo gharama zako sizitaki. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, na miba tumejidunga wawili. Lakini mimi wangu nautoa kwa mikono yangu, hapa, kila siku, kwenye beseni. Wewe wako umeandika kwamba amehama.

Dada yako


27 Juni

Dada,

Shikamoo. Maneno yako yote nayastahili, sitayajibu.

Likizo yangu imekubaliwa kwa maandishi. Tuko kwenye wiki za kuizindua bidhaa, na mimi ndiye kiongozi, siwezi kuondoka katikati. Lakini mzunguko huu ukiisha napanda gari siku ileile, tarehe 14 Julai niko mlangoni kwako. Simu nimeacha kupiga, maana hushiki, na sitaki kukukera zaidi.

Mwambie Mama asubiri. Mwambie safari hii ni kweli. Mwambie nikifika nitalala chumba cha pili na asubuhi agonge ukuta, nitaitika mwenyewe, kwa mkono wangu.

Na kama hali yake ikibadilika, chochote kile, hata kidogo, nakuomba uniite. Nitaacha kila kitu.

Mdogo wako


9 Julai

Mdogo wangu,

Barua yako ilifika ikiwa na nafasi ya kutosha ya kujibiwa. Simu ninayo na ina chaji. Shemeji yako alitaka kukupigia zaidi ya mara moja, nikamnyang'anya. Nakuandikia haya ili usije ukasema posta ilichelewa. Baba yetu hakuwahi kuchelewesha barua ya mtu.

Mama tulimzika Jumamosi. Kulala sana chali kulimletea homa ya mapafu, na homa haikuchukua muda. Usihangaike kuwahi, hakuna tena cha kuwahi. Majirani walijaa, hata yule msimamizi alikuja, akasimama nyuma ameshika kofia. Watu waliuliza kitindamimba yuko wapi. Niliwaambia yuko kikaoni.

Utauliza kwa nini sikukuita. Nilifuata masharti yako. Uliandika unakuja mzunguko ukiisha mwezi wa tatu, ukaandika mwezi wa nne, mara mbili, ukaandika mwezi wa tano. Mama aliniamini kila niliposoma, akaniambia nitandike kitanda cha chumba cha pili. Nilikitandika na kukitandua mpaka shuka likachakaa bila kulaliwa. Anayeita mara nyingi bila sababu anashushwa chini ya foleni. Hilo ni lako, ulilitunga mwenyewe na ukala nalo chakula cha mchana. Sasa ulipoandika kwamba safari hii ni kweli, nikakumbuka na lile jingine, kwamba mwenye shida ya kweli atarudia upesi. Nikasubiri urudie. Siku zikapita, hukurudia. Ulikuwa unazindua. Nikakuhesabu kelele.

Barua yako ya mwisho Mama sikumsomea.

Sasa nikupe athari ya badiliko la mwisho, ufunge taarifa yako. Kitufe hakuwahi kukivua. Nilimwambia kimekatwa, hakiendi popote tena. Alisema nimwachie tu, anakipenda. Kila asubuhi akifumbua macho alikitafuta kifuani na kukibonyeza mara moja, kama zamani, wala si mbili. Macho yalikuwa yameshakwisha, kwa hiyo aliniuliza mimi kama kimewaka. Nilikuwa nikimwambia tungoje kidogo. Anangoja kidogo, uji unafika, tunayaacha hayo mpaka kesho.

Siku zote zile nilikuwa nimekaa pale, mkono wangu juu ya godoro lake. Angenyoosha tu kidole angenigusa.

Asubuhi ya mwisho pumzi ilikuwa imekuwa fupi na wote wawili tulijua. Alibonyeza. Akanigeuzia uso na kuniuliza, "Ameitika?" Chumbani tulikuwa wawili tu. Ungekuwa wewe ungesema ndiyo, uongo mdogo wenye faida, usiomdhuru mtu. Neno lenyewe lilinifika mpaka kwenye ulimi.

Nilimwambia ukweli.

Dada yako